Saratani ya ini: Jinsi virusi, kuvu na mitindo ya maisha inavyoifungulia mlango

KATIKA mwili wa binadamu, ini ndicho kiungo kikubwa zaidi cha ndani. Hukaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima huwa na uzani wa karibu kilo moja unusu. Kazi zake ni nyingi: huchuja sumu kwenye damu, hutengeneza nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula, huhifadhi sukari, na huunda protini zinazogandisha damu mtu anapojikata.

Waswahili waliuelewa umuhimu huo tangu jadi, na ndiyo maana neno linalomwumiza mtu kupita kiasi husemwa kuwa limemkata maini. Walakini, ini lenyewe linapokatwa na maradhi halipigi ukelele. Linaweza kuharibika polepole kwa miaka 20 au 30 huku mwenyewe akilima, akifanya biashara na kulea wanawe bila kuhisi lolote.

Kimya hicho ndicho kinachoifanya saratani ya ini kuwa miongoni mwa saratani hatari zaidi duniani. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 866,000 walipatikana na maradhi haya mwaka 2022, na wengine takriban 758,000 wakafariki kutokana nayo. Ni saratani ya sita kwa wingi wa wagonjwa, lakini ni ya tatu kwa wingi wa vifo.

Barani Afrika hali ni mbaya zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na ambao ulihusisha hospitali za nchi kadhaa za bara hili, ulionyesha kuwa nje ya Misri nusu ya wagonjwa walikuwa hawajatimiza miaka 46 walipogunduliwa kuwa na saratani hii. Nusu yao walifariki katika muda wa miezi miwili unusu tu baada ya kugunduliwa. Hawa ni watu walio katika umri wa kusomesha watoto na kutunza wazazi wakongwe.

Hata hivyo, maradhi haya si ajali isiyo na chanzo. Mnamo Julai 2025, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilieleza kuwa angalau visa 60 kati ya kila 100 vya saratani ya ini vingeweza kuepukwa, kwa kuwa vyanzo vyake vinajulikana na vina kinga au tiba. Vyanzo hivyo ni virusi vya hepatitis B na C, pombe, na mafuta yanayorundikana kwenye ini kutokana na unene na kisukari. Katika nchi zinazotegemea mahindi na njugu kama Kenya, kuna adui mwingine anayeketi mezani pamoja na familia: sumu ya kuvu.

Ni saratani ipi hasa?

Si kila uvimbe wa saratani unaoonekana kwenye ini ulianzia hapo. Mara nyingi saratani ya utumbo, matiti au mapafu husafiri kwa damu na kutua kwenye ini. Hiyo si saratani ya ini bali ni saratani ya kiungo kingine iliyosambaa, na matibabu yake hufuata kiungo ilikoanzia.

Saratani ya ini yenyewe huanzia katika seli za kiungo hicho. Visa vingi, kati ya asilimia 75 na 85, hutokea katika seli kuu zinazofanya kazi za ini. Visa vingine vingi huanzia katika vijia vinavyopitisha nyongo. Makala haya yanahusu hasa aina ya kwanza, ambayo ndiyo inayofungamana na virusi, pombe na sumu ya kuvu.

Njia ya maradhi huwa karibu moja, hata kama chanzo ni tofauti. Seli za ini zinapojeruhiwa, mwili huziba pengo kwa kuunda seli mpya. Jeraha likiendelea mwaka baada ya mwaka, makovu magumu hutanda mahali palipokuwa na nyama laini. Hali hiyo huitwa sirosisi. Kila seli mpya inapoundwa, kuna uwezekano wa kosa kutokea katika maelezo ya urithi yaliyomo ndani yake, na makosa yakirundikana, seli huanza kuongezeka ovyo bila kutii amri ya mwili. Hapo saratani huwa imezaliwa.

Hepatitis B: Mgeni wa tangu utotoni

Virusi vya hepatitis B ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini barani Afrika na Asia Mashariki. Viligunduliwa kufuatia kazi ya mwanasayansi Mmarekani Baruch Blumberg, ambaye katika miaka ya 1960 alikuta protini ngeni katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Baadaye ilibainika kuwa protini hiyo ni gamba la virusi hivyo. Blumberg alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Hepatitis Duniani.

Ushahidi ulioondoa shaka kuhusu uhusiano wa virusi hivi na saratani ulitoka Taiwan. Mwaka 1981, mtafiti R. Palmer Beasley na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 22,707 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Wale waliokuwa na virusi mwilini walikuwa katika hatari ya kupata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wale wasiokuwa navyo. Ni nadra katika taaluma ya tiba kukuta tofauti kubwa kiasi hicho. Mnamo 1994, IARC iliorodhesha virusi vya hepatitis B na C miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Virusi hivi huambukizwa kupitia damu na majimaji mengine ya mwili: kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa ngono isiyo na kinga, kwa sindano, na kwa nyembe au visu vinavyotumiwa na watu wengi katika tohara, uchanjaji na utogaji masikio. Vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi. Haviambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana wala kula sahani moja, na kwa hivyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba umri wa kuambukizwa ndio huamua hatima. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi na kuvifukuza. Ni chini ya watu watano kati ya 100 ambao hubaki navyo. Mtoto mchanga akiambukizwa, mambo hugeuka: takriban tisa kati ya kila kumi hubaki na virusi maishani, kwa kuwa kinga yao ya mwili haijapata uwezo wa kumtambua adui. Saratani inayomwangusha mtu wa miaka 40 yamkini ilipandwa alipokuwa angali ananyonya.

Fauka ya hayo, hepatitis B ina hila ambayo visababishi vingine havina. Virusi hivi hujipachika ndani ya maelezo ya urithi ya seli za ini. Kwa sababu hiyo vinaweza kuleta saratani hata kabla ya ini kufanya makovu, na mtu aliyeambiwa kuwa ini lake bado ni laini hapaswi kuacha kufuatiliwa na daktari.

WHO inakadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na hepatitis B mwaka 2022. Kati yao, ni asilimia 13 tu waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao. Nchini Kenya, baadhi ya watu hujua kwa bahati tu, wanapojitolea kutoa damu au wanapopimwa kabla ya kwenda kufanya kazi katika mataifa ya Ghuba, ambako kipimo hiki ni sharti.

Chanjo iliyokuja, na waliokosa

Chanjo ya hepatitis B iliidhinishwa mara ya kwanza mwaka 1981. Kwa kuwa inazuia virusi vinavyoleta saratani, wataalamu wengi huihesabu kuwa chanjo ya kwanza ya saratani duniani. Taiwan ilianzisha mpango wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Kabla ya hapo, visa vya saratani ya ini kwa watoto wa miaka sita hadi 14 vilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kufikia kipindi cha 1990 hadi 1994 vilikuwa vimeshuka hadi 0.36, yaani karibu nusu.

Kenya iliingiza chanjo hii katika mpango wake wa kitaifa mwishoni mwa mwaka 2001, ikiwa sehemu ya sindano moja inayokinga maradhi matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, hepatitis B na maambukizi ya bakteria aina ya Hib. Mtoto hupewa akiwa na umri wa wiki sita, wiki kumi na wiki 14.

Maana yake ni kwamba Wakenya wengi waliozaliwa kabla ya wakati huo hawakuchanjwa utotoni. Hao ndio walio katika umri wa kufanya kazi na kuzaa. Wakipimwa na kukutwa hawana virusi, wanaweza kuchanjwa ukubwani kwa sindano tatu. Wanaostahili kupewa kipaumbele ni wahudumu wa afya, watu wanaoishi na mtu mwenye virusi, wanaofanyiwa usafishaji wa damu kwa sababu ya maradhi ya figo, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Pengo jingine liko siku ya kuzaliwa. WHO inapendekeza kila mtoto apewe dozi ya kwanza katika muda wa saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa kuwa dozi ya wiki ya sita humkuta mtoto wa mama mwenye virusi akiwa huenda ameshaambukizwa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilisema kuwa kanda ya Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya hepatitis B duniani, ilhali ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata dozi hiyo ya mapema. Ndiyo maana ni muhimu mjamzito apimwe hepatitis B kliniki pamoja na Ukimwi na kaswende. Akikutwa na virusi vingi, anaweza kupewa dawa ya kupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwanawe.

Hepatitis C: Hakuna chanjo, tiba ipo

Virusi vya hepatitis C viligunduliwa mwaka 1989. Wanasayansi Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi iliyofanikisha ugunduzi huo. Tofauti na hepatitis B, virusi hivi huambukizwa zaidi kwa damu. Huleta saratani kwa kulijaza ini makovu taratibu katika muda wa miongo miwili au mitatu.

Historia ya Misri ni funzo kwa bara zima. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya nchi hiyo iliendesha kampeni za kutibu kichocho kwa sindano. Sindano zilitumiwa zaidi ya mara moja bila kuchemshwa ipasavyo, na maambukizi yakaenea kuliko katika taifa lolote jingine. Miaka mingi baadaye, Misri ilijikomboa kwa kuwapima mamilioni ya raia wake na kuwatibu bila malipo. Mnamo Oktoba 2023, WHO iliitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia kiwango cha dhahabu katika safari ya kuviangamiza virusi hivi.

Ushindi huo uliwezekana kwa sababu ya vidonge vilivyoanza kupatikana kuanzia mwaka 2013. Mgonjwa huvimeza kwa wiki 12 hivi, na zaidi ya asilimia 95 hupona kabisa. Nchini Kenya, walio katika hatari kubwa zaidi ni wanaojidunga dawa za kulevya, hasa heroini, wakigawana sindano mijini na katika miji ya Pwani. Aliyepona anaweza kuambukizwa tena, kwa hivyo tiba bila sindano safi ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Sumu iliyo ghalani

Mwaka 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa kwa ghafla nchini Uingereza. Uchunguzi ulionyesha kuwa walilishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na kuvu. Sumu iliyopatikana humo ikaitwa aflatoksini. Nchini Tanzania huitwa pia sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, ambayo huota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine, hasa mmea unapoteswa na ukame shambani au nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu.

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya sumu hii. Mnamo 1973, watafiti F. G. Peers na C. A. Linsell walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya wilayani Murang'a. Walipima sumu katika vyakula vilivyokuwa tayari kuliwa katika maeneo ya juu, ya kati na ya chini ya wilaya hiyo, kisha wakalinganisha na visa vya saratani ya ini. Waligundua kuwa kadiri sumu ilivyozidi katika chakula, ndivyo saratani ilivyozidi. Uchunguzi huo umekuwa ukitajwa na wataalamu duniani tangu wakati huo.

Sumu hii huua kwa njia mbili. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi, huliangamiza ini katika siku chache. Mwaka 1981, watu 12 kati ya 20 waliolazwa hospitalini kwa sababu hiyo wilayani Machakos walifariki. Mwaka 2004, mkasa mkubwa zaidi uliikumba Ukambani na maeneo jirani: kufikia Julai 20, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi na unga zilizochukuliwa masokoni wakati huo zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa. Nchini Tanzania, mwaka 2016, watu 20 walifariki kutokana na sumu hiyo hiyo katika maeneo ya Dodoma na Manyara.

Njia ya pili haina mazishi ya pamoja wala vichwa vya habari. Sumu ikiliwa kidogo kidogo kila siku, huharibu jeni ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisiongezeke ovyo. Mwaka 1991, watafiti waliochunguza uvimbe wa wagonjwa kutoka Qidong nchini China na kusini mwa Afrika walikuta alama moja ya uharibifu mahali pale pale kwenye jeni hiyo. Ilikuwa kana kwamba mwizi ameacha wayo mlangoni.

Mahindi yenye sumu huenda yasionyeshe dalili yoyote machoni. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa joto la jikoni haliiangamizi sumu hii. Githeri na ugali hubaki na sumu iliyokuwa kwenye punje. Kukoboa mahindi, jinsi wafanyavyo Wakamba wanapoandaa muthokoi, huondoa sehemu ya sumu lakini si yote. Wala si salama kuwalisha ng'ombe mahindi yaliyoharibika, maana sumu hupitia kwenye maziwa.

Virusi na sumu vinapokutana

Hatari kubwa kuliko zote ni ya mtu aliye na virusi vya hepatitis B na anayekula sumu ya kuvu. Utafiti uliofanywa Shanghai miongoni mwa wanaume zaidi ya 18,000, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1992 na 1994, ulipata kuwa sumu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara tatu, na virusi peke yake zaidi ya mara saba. Vyote viwili vilipokutana katika mwili mmoja, hatari iliongezeka karibu mara 60.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini maeneo ya Afrika yenye virusi na ukame huzika vijana. Hata katika mkasa wa 2004, waliougua walikuwa na virusi vya hepatitis B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Aidha, wengi wao walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani, wakihofia wezi wakati wa njaa.

Hesabu hiyo pia ina habari njema. Kuondoa kimojawapo cha visababishi hivyo viwili kunapunguza sehemu kubwa ya hatari. Wakazi wa Qidong walipoacha mahindi na kuanza kula mchele katika miaka ya 1980, vifo vya saratani ya ini miongoni mwa vijana vilipungua sana, hata kabla ya watoto waliochanjwa kufikia utu uzima.

Pombe na ini

IARC iliiweka pombe katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1988. Mwili unapoisaga pombe, hutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu maelezo ya urithi ya seli. Isitoshe, unywaji wa miaka mingi huleta makovu ya ini. Kwa mujibu wa ripoti ya Hazina ya Dunia ya Utafiti wa Saratani ya mwaka 2015, ushahidi ni thabiti kwa wanaokunywa takriban gramu 45 za kileo kwa siku, yaani kama vipimo vitatu vya kawaida.

Ini halibagui chupa. Bia ya kiwandani, mvinyo, chang'aa, busaa, muratina na mnazi vyote vina kileo kile kile, na kinachohesabiwa ni kiasi na idadi ya miaka. Pombe za kienyeji huongeza hatari zake. Mahindi yaliyoota kuvu yakigeuzwa busaa, sehemu ya sumu hubaki katika pombe. Kusini mwa Afrika, watafiti wamehusisha saratani ya ini na chuma kinachorundikana mwilini mwa watu wanaokunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye mapipa ya chuma.

Kwa mtu mwenye hepatitis B au C, hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa ini lake.

Unene, kisukari na sigara

Hapo zamani madaktari walidhani kuwa ini lenye mafuta ni la walevi pekee. Leo inajulikana kuwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe anaweza kupata makovu ya ini kwa sababu ya mafuta yanayorundikana mwilini akila vyakula vya mafuta na vinywaji vya sukari kupita mahitaji yake huku akiketi kutwa. Kisukari cha ukubwani huongeza hatari ya saratani ya ini kwa takriban mara mbili.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani kupita kiasi. Kitambi ambacho zamani kilichukuliwa kuwa dalili ya neema sasa ni onyo.

Sigara nayo imo. Tangu mwaka 2004, IARC imeihesabu saratani ya ini miongoni mwa zile zinazosababishwa na uvutaji wa tumbaku. Kwa upande mwingine, kikao cha wataalamu wa shirika hilo mwaka 2016 kilibainisha kuwa wanywaji wa kahawa hupata saratani ya ini kwa uchache kuliko wengine. Si dawa, lakini ni habari ya kutia moyo kwa nchi inayoikuza kahawa bora na kuiuza ng'ambo huku yenyewe ikinywa chai.

Dalili na vipimo

Dalili za saratani ya ini hujitokeza maradhi yakiwa yameshapiga hatua: maumivu au uvimbe chini ya mbavu za kulia, kukonda bila sababu, kukosa hamu ya chakula, uchovu, tumbo kujaa maji, na macho kugeuka manjano. Macho hayo yasichanganywe na homa ya manjano inayoenezwa na mbu, wala yasiachiwe waganga wanaoahidi kutoa nyongo.

Kipimo cha kugundua hepatitis B huhitaji tone la damu na dakika chache. Anayekutwa na virusi hupimwa zaidi ili kubaini kama anahitaji dawa. Dawa ya tenofovir, ambayo hutumiwa pia dhidi ya Ukimwi, hulala juu ya virusi na kuvizuia kuzaana, na hupunguza uwezekano wa saratani ingawa haviondoi kabisa. Ni hatari kuiacha ghafla bila ushauri wa daktari, kwa kuwa virusi vinaweza kurudi kwa kishindo.

Wenye makovu ya ini, na wenye hepatitis B ambao daktari amewaona kuwa katika hatari, wanashauriwa kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti kila baada ya miezi sita. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, unaweza kukatwa au kuchomwa, na mgonjwa akaishi miaka mingi.

Hatua za kujikinga

Wataalamu wa afya na kilimo wanapendekeza mambo yafuatayo:

- Kila mtoto akamilishe chanjo zake, na mjamzito apimwe hepatitis B mapema.
- Mtu mzima ambaye hajui hali yake apimwe mara moja. Akiwa hana virusi, achanjwe. Akiwa navyo, watu wa nyumbani mwake nao wapimwe.
- Nyembe, sindano na vifaa vya tohara visitumiwe na mtu zaidi ya mmoja.
- Mahindi yavunwe mara yanapokomaa, na yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yahifadhiwe unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 13.5 au chini yake.
- Punje zilizobadilika rangi, kusinyaa au kutobolewa na wadudu zichaguliwe na kutupwa. Zisipelekwe kwa mifugo wala kwa wapika pombe.
- Mifuko isiyopitisha hewa itumiwe kuhifadhi nafaka. Wakulima wa maeneo kame wanaweza kutumia Aflasafe, ambayo hutawanya shambani kuvu isiyo na sumu ili iisonge ile yenye sumu. Kilo nne hutosha ekari moja, na hunyunyizwa wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua.
- Pombe ipunguzwe au iachwe, sigara iachwe, na uzani udhibitiwe kwa mazoezi na lishe ya kadiri.

Mwaka 2016, mataifa wanachama wa WHO yaliafikiana kupunguza vifo vya hepatitis kwa asilimia 65 kufikia mwaka 2030. Ahadi hiyo haitatimizwa Geneva. Itatimizwa katika kliniki ya wajawazito, juu ya turubai la kuanikia mahindi, na katika chumba ambamo mtu asiyehisi maumivu yoyote anakubali kudungwa kidole ili ajue hali yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ini ukishaporomoka, mafundi wa kuujenga upya ni wachache mno na gharama yao ni kubwa.